Uzinduzi wa Gari la Waya la Ngome ya Dhumalgad

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri, ambaye ni mimi; mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye kwa leo pia ni mimi; kuhani wa hekalu la Bhavani; wadau wote wa mteremko; na ninyi wananchi mnaoishi humu ngomeni pamoja na nyati wenu: namaskar! (Nyati anaitikia.)

Mimi, Vinayakrao Jagdale, nimekuja kuzindua rasmi gari la waya, lile la kuning'inia angani, ambalo, kwa mujibu wa upembuzi yakinifu, linampandisha mtu kutoka bondeni hadi langoni kabla chai yake haijapoa. (Katibu anapiga makofi.) Utekelezaji umefikia asilimia mia moja na ushee, ushee huo ukiwa ni jitihada zangu binafsi.

Mababu zetu walizingirwa hapa na jeshi kubwa, nalo likarudi kwao na magoti mabovu. Kwa nini? Hapakuwa na njia! Kwa hiyo mvua zilipozoa ngazi za mawe mwaka jana, wapo waliosema Halmashauri imelala. Haikulala, ndugu zangu. Ilikuwa ikiimarisha ulinzi.

(Sauti ya mwanamke: "Saheb, mke wa mwanangu alijifungulia hapo hapo kwenye mabaki ya ngazi! Tulikuwa tunamshusha kwa machela, mvua inatupiga!")

Nani huyo? Mama Sagunabai? Hongera sana, mama! Mjukuu anaitwaje?

("Dagadu, yaani Jiwe. Alizaliwa juu ya jiwe.")

Mpigieni makofi Dagadu, mdau wetu mchanga kuliko wote! (Mtoto analia.)

("Tuoneshe gari, Saheb!")

Mnaliona? Hamlioni. Hiyo ndiyo teknolojia! Gari lisiloonekana haliharibu mandhari ya kihistoria, na waya wake hauibiwi.

("Basi lipande wewe kwanza!" Umati: "Apande! Apande!")

Kiongozi wa kweli hutanguliza wananchi wake. Dhumalgad juu!

("Juu tupo! Shida ni kushuka!")

Maendeleo mbele!

("Mbele kuna korongo!")

Ahsanteni kwa mwamko huo. Kwa namna ya pekee nawashukuru wana wa Mama Sagunabai, walionibeba kwenye kiti tangu alfajiri, jiwe kwa jiwe, hadi kwenye jukwaa hili. Mama, waambie wasiende mbali, nina kikao bondeni jioni hii.

("Wameshashuka, Saheb. Wamepanda gari la waya.")