Vitabu Vilivyoteuliwa kwa Niaba ya Watu wa Kihagara

(Maneno ya Bwana Raimundi, Mratibu wa Usomaji wa Ziada, Kanda ya Milima na Ziwa, aliyoyatoa katika ukumbi wa kanisa, Kihagara, mwezi wa Machi mwaka 1996, baada ya wananchi kumsubiri tangu asubuhi.)

Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, Ndugu Mtendaji, ambaye nimearifiwa kuwa yuko njiani, Baba Kasisi, mwenye ukumbi na mwenye viti, Mheshimiwa mwakilishi wa Mheshimiwa, ambaye naye ametuma mtu wa kumwakilisha, viongozi wa vyama vyote vya siasa, vile vyenye wanachama na vile ambavyo kwa sasa vina bendera tu, wafanyabiashara binafsi wa kahawa mlioshuka kutoka Mbinga kutafuta samaki wetu wa mbasa, Mama Tadea, mkunga mstaafu na Mwenyekiti wa Kikundi cha Wasomaji, wanakikundi, wazee wangu wote, shikamooni! (Wazee: "Marahaba.") Na wale ambao sikuwataja, naomba kila mmoja ajitaje mwenyewe moyoni, kwa cheo anachokipenda, ili tusonge mbele. (Kicheko kidogo kutoka meza kuu.)

Mimi ninayesimama mbele yenu si mgeni. Ni Raimundi yule yule, mtoto wa mkulima wa kahawa, niliyelala juu ya magunia ya mahindi huko Umatengo, nikapanda kwa jasho langu hadi semina elekezi, kutoka semina elekezi hadi wokshopu, na kutoka wokshopu hadi kongamano, ambako nilikaa safu ya pili kutoka mbele, na anayebisha picha ninayo. (Mtu mmoja anapiga makofi. Ni karani wa Bwana Raimundi.) Asante sana, makofi hayo yameonyesha mwamko.

Ndugu wananchi, tuko katika zama za mageuzi. Leo kahawa inanunuliwa na yeyote mwenye mizani, mitumba inauzwa mpaka mlangoni pa kanisa, na redio zinasema mambo ambayo zamani tuliyanong'ona. Katika hali hiyo ofisi yangu ilijiuliza: je, fikra peke yake zibaki nyuma kama mbuzi mgonjwa? Tukajibu, hapana! Ndipo tukabuni Projekti Shirikishi ya Uteuzi wa Vitabu vya Historia na Safari, ambayo utafiti wetu unaonyesha kuwa itawafikia asilimia mia moja na nne ya walengwa, yaani walengwa wote pamoja na majirani zao wa Ngumbo. (Minong'ono.)

Sasa nieleze chimbuko lake, maana wapo watakaosema kwamba wazo hili lilitoka kwenu. Ni kweli kwamba kikundi chenu kilikuwepo. Ni kweli mlikuwa mkikutana hapa kila Jumapili baada ya ibada, mmoja akisoma kwa sauti na wengine wakisikiliza huku wakichambua dagaa wa usipa. Ni kweli mlikuwa na kasha la vitabu aliloliacha yule daktari wa misheni alipostaafu, na mlivisoma vyote mpaka majalada yakalegea. Lakini, ndugu zangu, kusoma bila mratibu ni sawa na kuvua bila kibali: samaki utapata, lakini kihalali hujavua.

Mlipotuomba ushauri wa vitabu gani vipya mnunue, mimi mwenyewe nilishuka mpaka hapa kuwasikiliza. Nakumbuka siku hiyo Mama Hedwiga, huyu anayekausha samaki pale ufukweni, alisimama akasema kikundi kisome vitabu vya safari. Alisema, namnukuu: "Mimi miguu yangu imechoka kabla haijanifikisha popote. Mbali nilikofika ni Mbamba Bay, tena kwa sababu ya jino. Nataka kitabu kinitembeze." (Kicheko. Mama Hedwiga: "Nilisema hivyo, na jino liling'olewa zima!") Naye Mzee Joakim, huyu mwalimu wa zamani ambaye macho yanampa taabu, akakataa, akasema historia kwanza. Alitaka kitabu cha jinsi Wangoni walivyokuja kutoka kusini, na cha vita ya Majimaji, na cha meli za Wajerumani na Waingereza zilizopigana humu ziwani. Mama Hedwiga akamwambia, "Mwalimu, wewe unataka kurudi, mimi nataka kwenda." Mzee Joakim akamjibu, "Mama, hata anayekwenda huulizwa ametoka wapi." Mkabishana mpaka giza likaingia, mkacheka, mkakubaliana mchukue kimoja cha huku na kimoja cha kule.

Nilihuzunika sana, ndugu zangu. Nilijiambia, watu hawa wanaamua wenyewe, hawana hata mwongozo! (Mama Tadea anatikisa kichwa.)

Kwa hiyo niliunda Kamati ya Uteuzi, nami nikaombwa na mimi mwenyewe kuwa mwenyekiti. Kamati ilitambua mapema kwamba vitabu vya safari haviwezi kuteuliwa na mtu aliyeketi. Tukasafiri. Tulikwenda Songea, tukaenda Iringa, tukaenda Dar es Salaam, na kwa kuwa historia nayo haina budi kuguswa kwa mkono, tukavuka mpaka Unguja, tukalala katika nyumba ya wageni ya kale kabisa, yenye milango ya kale na, nasikitika kusema, magodoro ya kale. Yote hayo tuliyafanya kwa ajili ya Mama Hedwiga. (Mama Hedwiga: "Mmetembea kwa niaba yangu?") Naam, mama! Umetembea sana mwaka huu, ila hukuambiwa.

Mzee Joakim, naona umesimama.

(Mzee Joakim, akishikilia kiti cha mbele yake: "Samahani Bwana Mratibu. Mimi nina neno moja tu. Kasha letu mlilolichukua Jumatatu, liko wapi? Mle mna kile kitabu cha habari za misheni za pwani hii. Ndani yake baba yangu yumo, amesimama na walimu wenzake mbele ya kanisa. Picha yake nyingine sina. Nilitaka niione tena wakati bado naona.")

Mzee wangu, swali ni zuri, ila maswali yako mwisho wa ratiba, baada ya mwisho wenyewe. Kaa, baba. (Mzee Joakim anabaki amesimama.)

Naendelea. Vigezo vya uteuzi vilikuwa vikali. Tulikiona kitabu cha Wangoni, kizuri, kinene. Tukakikataa, kwa sababu Mngoni akikisoma atajisifu, Mmatengo atakasirika, na Mnyasa atasema yeye hakuulizwa, nasi tunataka umoja. Tulikiona cha Majimaji, tukakikataa, maana watu ndani yake wanawafukuza wageni, na sisi leo tunawaita wageni waje kuwekeza. Mwekezaji akikuta kitabu kama kile mezani atalala kweli? Kwa upande wa safari, tulikiona cha mzungu mmoja aliyepita ziwani zamani. Huyo aliugua malaria kuanzia ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho, jambo ambalo si rafiki kwa sekta ya utalii. Kingine kilieleza habari za vijana wa huku waliokwenda kwa miguu kutafuta kazi katika migodi ya kusini. (Sauti kadhaa: "Hicho! Hicho ndicho!") Hapana, tulikitupilia mbali siku hiyo hiyo. Safari gani hiyo ambayo mtu hapandi hata ndege?

Baada ya kazi hiyo nzito Kamati ilibakiwa na kitabu kimoja tu kilichotimiza vigezo vyote, kitabu ambacho ni historia na safari kwa pamoja, hakigombanishi kabila na kabila, hakimtishi mwekezaji, na kila mtu ndani yake anapanda ndege. (Watu wanainua shingo.) Ndugu wananchi, kwa heshima kubwa nawatangazia kitabu chenu: ni Historia ya Safari ya Kamati ya Uteuzi! (Karani anapiga makofi peke yake, kisha anaacha.)

(Mama Tadea anasimama. "Bwana Mratibu, hicho kitabu tunakipata leo?")

Mama, kitabu kipo katika hatua ya juu ya kuandikwa, maana jalada limeshafikiriwa.

(Mama Tadea: "Basi turudishie vyetu wakati tunakingoja hicho. Ulipochukua kasha ulituambia ni kubadilishana, vya zamani kwa vipya, mkono kwa mkono. Tumevitoa vyetu, mkono wako hatujauona.")

Mama Tadea, wewe ni mkunga, unajua kwamba mtoto hatoki kwa kelele. (Mama Tadea: "Ninajua pia kutofautisha mimba na shibe, baba.") (Kicheko kikubwa. Hata Baba Kasisi anaficha uso.) Tafadhali, tuheshimiane. Kwa kuwa mmeng'ang'ania, na kwa kuwa ofisi yangu haina cha kuficha, nitaeleza kuhusu vitabu vya kasha, tena nilikuwa nimepanga kulieleza jambo hili kama mafanikio.

Jumatatu tulipotoka hapa na kasha kuelekea Ngumbo kwa ajili ya uhakiki, mvua ilikuwa kubwa, nayo gari ya ofisi ikazama kwenye tope kule bondeni. Dereva wetu, Sixbert, alishauri tukakate majani tuyaweke chini ya magurudumu. Nikamkatalia, nikamwambia kukata majani ovyo ni uharibifu wa mazingira, na mimi nina cheti cha semina ya mazingira. Ndipo kiongozi mwenye ubunifu anapopambanuka na mtu wa kawaida, ndugu zangu. Nikaagiza kasha lifunguliwe. Vile vinene vya historia tukavipanga chini ya gurudumu la nyuma la kulia, na vya safari chini ya la kushoto, na gari ikatoka! Ikatoka kama risasi! Kwa mara ya kwanza katika kanda yetu kitabu cha safari kimemsafirisha mtu kweli kweli! (Hakuna anayecheka. Hakuna anayepiga makofi, hata karani.)

Naona mmeguswa.

(Mzee Joakim, kwa sauti ndogo: "Baba yangu mmemkanyaga kwa gari." Mama Hedwiga anamshika mkono. Mama Tadea hamtazami tena Bwana Raimundi. Anamgeukia Sixbert, dereva, aliyesimama mlangoni na kofia mkononi. "Mwanangu, ni wapi hasa?" Sixbert: "Ukivuka mto, mama, pale njia inapopinda. Nilitaka kuvirudisha kwenye kasha, akasema tumechelewa. Nilivisogeza kando ya njia baadhi, nikavifunika na turubai bovu. Vingine vilishazama." Mama Tadea: "Kwa nini hukusema tangu Jumatatu?" Sixbert: "Niliogopa kufukuzwa kazi, mama." Mama Tadea: "Haya. Utatupeleka na hiyo gari." Sixbert anaangalia meza kuu, kisha anavaa kofia yake. "Twendeni.")

Sixbert! Dereva! Gari ya ofisi haiondoki bila sahihi yangu! Ndugu wananchi, ratiba inaonyesha kwamba sasa ni kaulimbiu, si kutoka! Nikisema "Historia!" mnaitikia "Mbele!" Historia! (Watu wanachukua majembe yao yaliyoegemezwa ukutani.) Nikisema "Safari!" mnaitikia "Kwa mwongozo!" Safari! (Nje, gari inawaka. Mama Hedwiga, akiwa amekwisha panda nyuma na beseni lake la samaki, anaitikia kwa sauti kali: "Tunakwenda!" Gari inaondoka. Wasiopata nafasi wanaifuata kwa miguu.)

Vizuri. Mwitikio huo, ingawa haukufuata maandishi, umeonyesha ari.

Nimalizie kwa shukrani, kama itifaki inavyotaka. Kwanza namshukuru mfadhili wa Projekti hii, ambaye tutaanza kumtafuta mara baada ya uzinduzi huu. Nalishukuru jengo la maktaba, ambalo kiwanja chake kitapimwa likishajengwa. Namshukuru mkutubi, ambaye nafasi yake haijaombwa, na vitabu, ambavyo havijaagizwa kwa kuwa havijateuliwa, na ambavyo havijateuliwa kwa kuwa kile kimoja kilichoteuliwa hakijaandikwa. Naishukuru Kamati, ambayo nimeitaja kwa wingi kwa sababu ya adabu, lakini safari ile nilikwenda mimi na mke wangu. Na naishukuru Projekti yenyewe, ambayo kwa kweli ilikuwa ni kichwa cha habari cha hotuba hii, na bila hotuba hii isingekuwepo mahali popote. (Karani amekwisha toka na mwavuli.)

Mwisho, kwa namna ya pekee, nakushukuru wewe Mzee Joakim. Wenzako wote wamekwenda kuchimba tope, lakini wewe, pamoja na umri wako na macho yako, umebaki kusikiliza mpaka neno la mwisho. Wewe ndiye mwananchi wa mfano!

(Mzee Joakim, akiwa ameketi sasa, mikono juu ya mkongojo wake: "Sikubaki kukusikiliza, Bwana Mratibu. Miguu yangu haiwezi kupanda gari. Wenzangu wameniambia nibaki nilinde viti vya kanisa, visije vikachukuliwa navyo kwenda kuhakikiwa.")