Teng Guangfu na Katlesi Iliyorusha Siagi

Sogeeni, enyi wana wa Harbin nanyi mtokao mbali, mlioshiba na mlio na njaa. Wekeni chini vijiti vyenu vya kulia, zimeni simu zenu, mpate kuisikia habari ya Teng Guangfu, dereva mstaafu wa tramu, Simba wa Dama, Mpasua-Matikiti, na vita alivyopigana mezani kwa uma na kisu. Mimi ni shemeji yake, niliyeketi kushoto kwake karibu na haradali, wala sikusimuliwa.

Ewe Tumbo, mama wa mashujaa, nipe pumzi niyanene yote bila kucheka!

Jueni kwanza kwamba shujaa wetu ana ulimi mrefu kuliko mto wetu. Miaka nenda miaka rudi aliapa kwamba chakula cha Kirusi, kilicholetwa mjini kwetu na Warusi waliojenga reli, alikila kabla hajaota meno, hali mimi najua kuwa mkahawa wa kale wa Bibi Galina, wenye samovari, lile birika kubwa la chai la Kirusi, mlangoni, aliujua kwa dirisha la kuuzia mkate tu. Ikafika siku majigambo yakamrudia. Bintiye Lan alichumbiwa na kijana wa Shenyang, na mama wa kijana, Bi Bao Xiuqin, akataka harusi ifanyike kwao. Guangfu aliitaka Harbin, kwa sababu mama yake mzazi, ajuza wa miaka tisini na tatu aliyemlea Lan, magoti yake hayapandi tena treni. Harusi ikienda Shenyang, bibi angeitazama kwenye simu. Jambo hilo lilimuuma sana shemeji yangu, na mimi liliniuma pia.

Basi Bi Bao akatamka, "Mkwe, kila siku unatuimbia hicho chakula chenu cha Kirusi. Haya, nipeleke nikakione. Kikinipendeza, harusi iwe huku. Kisiponipendeza, usinisumbue tena."

Tukaingia, Bi Bao katika blauzi ya hariri nyeupe kama theluji ya asubuhi, Guangfu katika koti jipya alilolinunua kwa ajili ya harusi. Supu nyekundu ilisalimu amri bila upinzani. Mkate mweusi ukaanguka. Kvasi, kinywaji cha mkate uliochachushwa, ikamwagwa kooni hadi tone la mwisho. Ndipo Bibi Galina, aliyezaliwa mtaa wetu na anayetutukana kwa lafudhi yetu, akauliza kama tunahitaji vijiti.

"Vijiti?" akanguruma Guangfu. "Dada, mimi unaniona mgeni?"

"Mdogo wangu, sijawahi kukuona humu ndani."

Nikakohoa kwa nguvu nimfiche. Zikaja katlesi za kuku, nene, za rangi ya dhahabu, kimya, kila moja imeficha tumboni mwake siagi ya moto. "Hizi zina namna yake ya kukata," akaanza Bibi Galina, lakini Simba wa Dama akamkatiza, "Namna yake naijua!"

Bi Bao naye hakukubali kutanguliwa. "Hata Shenyang tuna visu," akasema, akakiinua chake, akakishusha kwa nguvu zake zote. Siagi ikaruka! Ikampiga kuanzia kola hadi kiunoni.

Mgeni kuchafuka peke yake mbele ya wakwe ni aibu isiyosahaulika hata kwa wajukuu. Masikio ya Bi Bao yakawa mekundu kuliko ile supu, akasimama, akachukua mkoba, akamwambia mwanawe, "Inuka twende." Lan akafumba macho.

Hapo Teng Guangfu akalitazama koti lake, ambalo bado lilikuwa na mikunjo ya dukani. Akainua kiwiko juu kama mpasua kuni, akaichoma katlesi yake katikati ya moyo. Siagi ikamfika kifuani, shingoni na kwenye nyusi.

"Mkwe, keti!" akanena, huku akichuruzika. "Umeila kama mzaliwa wa hapa! Katlesi isiyomrukia mtu, sisi husema haijamkubali. Mwenzio nimekaa roho juu, nikihofia itakukataa!"

Bi Bao akamgeukia mwenye mkahawa. "Dada, ni kweli?"

Bibi Galina, ambaye maisha yake yote ameona watu wakizitoboa taratibu na kuipokea siagi kwa mkate, alimtazama Guangfu, akalitazama koti. "Kweli tupu," akasema. "Wasiorukiwa huwa tunawapa pole."

Nikapigwa teke chini ya meza. Nikachoma yangu, miwani ikaingia ukungu. Lan akachoma, mchumba akachoma. Bi Bao akatutazama sote tunavyong'aa, mdomo ukamcheza, akacheka mpaka akaketi.

"Nyie watu wa Harbin ni waongo," akasema akijifuta machozi. "Waongo wakubwa! Harusi iwe hapa hapa. Ila mimi nakuja na aproni."

Basi na iandikwe, na wachezao dama wakaitangaze: koti moja liliangamia, na bibi mmoja akaiona harusi kwa macho yake. Siku hiyo ajuza alikalishwa meza ya mbele, akaitoboa katlesi yake polepole kwa ncha ya uma, akachovya mkate, akala yote bila tone kuanguka.

"Mkwe," akanong'ona Bi Bao ndani ya aproni yake, "mbona ya mama haikuruka?"

Teng Guangfu, katika koti lake lenye doa, akatikisa kichwa kwa huzuni kuu. "Acha tu, mkwe. Twende tukampe pole."