Waliorudi Bila Kwenda

Haya ninayowasimulia, jamaa zangu wa benchi hili, ni kweli tupu. Nikitia chumvi hata punje, ulimi wangu na ukauke kama gome.

Hapa mjini palikuwa na tapeli tuliyemwita Takwimu, kwa kuwa hakusema uongo bila kuutia asilimia. Siku moja akaona tangazo la serikali: wanatafutwa kwa utafiti watu waliokwenda kufanya kazi ng'ambo wakarudi mikono mitupu. Atakayehojiwa ataingizwa kwenye mfumo, atumiwe mtaji wa biashara ndogo kwa simu.

Mtaani hapakuwa na mtu aliyewahi kuvuka mpaka. Wenye tamaa walijaa tele.

Takwimu akafungua darasa nyuma ya kwa kinyozi. Ada kwanza, elimu baadaye, na mtaji ukiingia apewe fungu lake.

"Mama, ng'ambo ulifanya kazi gani?" akamuuliza fundi cherehani.

"Nilishona."

"Ala! Kushona si unashona hapa? Ulilea kikongwe, wakakufungia pasipoti kabatini. Sema kwa huzuni."

"Na mimi?" akadakia mwenye nyumba, tajiri wa vyumba vya kupangisha.

"Ulibeba zege. Na ufiche hicho kitambi, bwana. Mateso gani hayo yanayonenepesha?"

Wakakariri baridi, wakakariri njaa. Kinyozi alilia vizuri mpaka akajionea huruma kwelikweli.

Siku ya mahojiano, Takwimu akajibanza mlangoni, wasije wakamtoroka na fungu lake la mtaji. Ndani, mtafiti, binti mpole mwenye kishikwambi, akauliza swali ambalo darasani halikuwepo.

"Nani aliyekupeleka huko, mama?"

Fundi akatazama huku na huku. Mtu wa mambo ya safari aliyemjua alikuwa mmoja tu, Takwimu. Akanyoosha kidole. "Yule pale mlangoni."

Kinyozi naye: yule pale. Mwenye nyumba: yule yule, tena mshahara wangu alikula!

Binti akatoka nje. "Baba, wakala akitelekeza watu ng'ambo huwarudishia nauli. Ama twende polisi."

"Hawa hawajaenda popote!" Takwimu akabwata.

"Kumbe? Basi nani kawafundisha kuidanganya serikali?"

Msomi wetu wa asilimia akapiga hesabu ya haraka. Huku jela, huku jela, katikati pochi yake.

"Wakala wangu mpendwa," mwenye nyumba akamnong'oneza, "mimi nilirudi kwa ndege."

Takwimu akalipa. Akauza pikipiki, akauza hata runinga, kugharamia safari ambazo hakuna aliyezisafiri.

Benchi zima likaangua kicheko. Nikawa najifuta machozi ya raha nilipomwona fundi cherehani mwenyewe amesimama nyuma yangu, mikono kiunoni.

"Hadithi tamu, babu. Mbona hujawaambia kwamba wewe ulirudi kwa meli?"

Nikashikwa na kikohozi.

"Na kwamba ulilia kumshinda kinyozi, mpaka yule binti akakupa leso yake?"

Macho yote yakanigeukia. Nikamwita muuza chai, nikamwambia awamiminie wote kwa hesabu yangu, na fundi ampe kikombe kikubwa, tena haraka, maana alikuwa anavuta pumzi ya kuendelea.