Kunyamaza kwa Bosco

Jumatatu, 4 Machi 1996. Sarang'ombe, Kibera.

Bosco amemuuma Mzee Nashon Oluoch. Mguu wa kushoto, meno manne. Oluoch alikuja kunijulia hali, yaani kutazama kama paa langu linavuja kuliko lake. Akapita karibu na sahani ya mbwa. Mbwa akanguruma. Oluoch akacheka, akaniita ndugu kwa Kijaluo chake: "Omera, mbwa wako amemeza redio!" Akaisogeza sahani kwa kiatu. Yaliyofuata ni ya zahanati.

Jioni wazee wa kanisa tumekutana, wote saba. Oluoch aliingia akichechemea kwa mguu wa kulia. Meno yako kwenye wa kushoto. Uamuzi: Bosco akiuma mtu mmoja zaidi, atapewa sumu, nami ndimi nitakayempa, kwa kuwa ndimi msimamizi wa nidhamu kanisani. Miaka kumi na mmoja nimewarudi washirika wa nyumba za watu wengine, sasa zamu ni ya nyumba yangu!

Mbwa huyu ni wa marehemu Musimbi, mke wangu. Alimleta nyumbani ndani ya kikapu cha mboga za sukuma, akamlea kwa uji. Jumapili Mchungaji anakuja na wazee kwa ibada ya kutimiza mwaka tangu tumzike. Hakuna kiumbe kingine nyumbani kinachoinuka nikiingia. Lazima arekebike kabla ya Jumapili.

Jumanne, 5 Machi

Nimetafakari hadi adhuhuri. Kuuma hutanguliwa na kunguruma. Kunguruma ni manung'uniko, na yaliyowapata walionung'unika jangwani yanajulikana. Basi asingurume. Asiyenguruma hawezi kuuma. Ajabu kwamba hakuna aliyeligundua hili kabla yangu!

Nimeutwaa mwiko wa Musimbi, nikaketi kando ya sahani. Kila mngurumo, pigo moja puani. Mchana mapigo kumi na tisa, jioni kumi na mawili. Huomba kabla ya kila pigo. Jambo hili huchelewesha kazi. Mara mbili nilifumbua macho nikakuta amekwisha kula.

Jumatano, 6 Machi

Kanisani kwetu mshirika aliye chini ya nidhamu huketi benchi la nyuma, haimbi wala hashiriki. Nimemfunga Bosco chini ya benchi hilo wakati wa maombi ya katikati ya wiki. Dada Christine, aliye hapo tangu Desemba, alilalamika kwamba dhambi yake si ya kukalishwa na mbwa. Nikamwongezea mwezi. Bosco hakuimba. Christine aliimba, kwa ukaidi.

Alhamisi, 7 Machi

Nimekwenda Kawangware. Binti yangu Lavender, anayefanya kazi ya nyumbani huko, amenisihi nimwone Urbanus, Mkamba anayefuga mbwa wa walinzi. Ana mbwa sita. Mikononi hana kovu hata moja. Pengine ni mgeni katika kazi.

Akanisikiliza, akatikisa kichwa. "Mzee, huyo anakupigia honi, na wewe unang'oa honi. Gari bado linakuja!" Akadai kwamba mbwa hunguruma ili asilazimike kuuma. Aachwe ale peke yake. Anayepita amtupie kipande cha matumbo, hadi ajue kwamba mkono wa mtu unaleta, haunyang'anyi. Wageni wakija, afungwe chumba kingine.

Hongo! Nikamwambia hivyo. Akaomba tu amchukue Bosco kwa mwezi mmoja. Nikamweleza kwamba aliye chini ya nidhamu hahami bila barua, na mwandishi wa barua hizo ni mimi. Akaniuliza kwa nini basi nisiandike. Mtu asiye na utaratibu kabisa.

Njiani Lavender akaanza: Baba, hata Mama alikuwa... Nikamwambia asinung'unike barabarani.

Ijumaa, 8 Machi

Mngurumo mmoja tu.

Jumamosi, 9 Machi

Hakuna! Nimemwondolea sahani mara tano. Kimya. Alinitazama kwa pembe ya jicho, weupe ukionekana, mwili umekakamaa kama ubao. Utii ulioje.

Nimemkumbuka Musimbi. Naye alikuwa mnung'unikaji miaka ya mwanzo. Nilimrekebisha kwa upole na maandiko, na kwa miaka thelathini sikusikia neno. Hata maumivu yale ya tumbo hakuyataja. Tulijua siku tatu kabla ya mwisho. Daktari aliuliza kwa nini hakusema mapema. Mwanamke mvumilivu.

Jumapili, 10 Machi

Ibada ilikwenda vyema hadi chakula. Oluoch akauliza, mbele ya watu wote, kama mbwa amefungwa, au itawabidi kula wakiwa wamepandisha miguu juu ya viti. Nikasimama. Nikatangaza kwamba mbwa ameongoka. Nikaweka sahani ya Bosco katikati ya nyumba, nikamwalika Mchungaji atie mkono ndani ajionee.

Lavender akaninong'oneza, "Baba, tafadhali, mwangalie macho." Nikamnyamazisha. Mchungaji akanyoosha mkono, akitabasamu. Bosco hakunguruma. Naliandika hili kwa ajili ya ukweli: hakutoa sauti yoyote.

Vidole viwili, hadi mfupa.

Mchungaji aliniuliza, akiwa amefungwa kitambaa cha meza, kwa nini mbwa hakumwonya.

Jumatatu, 11 Machi

Urbanus amekuja asubuhi kwa miguu kutoka Kawangware. Lavender alikuwa amemwita. Amesema bado atamchukua. Nikamjibu kwamba uamuzi wa wazee umekwisha kuandikwa.

Nimempa Bosco nyama kwa mkono wangu. Alinitazama kwa pembe ya jicho. Alikula. Hakunguruma.

Oluoch amekuja na jembe, akachimba shimo bila kuombwa. Alichechemea mguu wa kushoto. Yaelekea unauma kweli. Akasema, "Pole, omera." Nilipoingia nyumbani hakuinuka mtu.

Jumamosi, 23 Machi

Nimelitambua kosa langu. Nilichelewa kuanza. Mbwa wa miaka minne ameshakuwa mkaidi; ilinipasa kumshika akiwa mchanga.

Lavender alikuja asubuhi. Amefua, amepika, ameniwekea chai. Amekonda. Nikamwuliza kama kuna jambo. Akasema, "Hakuna, Baba." Hanung'uniki tena kabisa. Amekuwa kama mama yake.

Jirani yangu Sella amenipa mtoto wa mbwa, wiki saba. Jioni nimemwekea uji, nikapeleka mkono kuuondoa. Akanguruma! Sauti ndogo, kama nyuki ndani ya kopo.

Nimekwenda kuuchukua mwiko.