Mlevi wa Chupa Tupu

Alhamisi, 12 Juni

Dorkas, mke wangu, amefika jana kutoka Dar. Begi dogo. Begi dogo si dalili nzuri.

Ana likizo fupi, na amesema wazi kilichomleta. Ataangalia maisha yangu ya hapa Chome, kisha ataamua: ama aombe uhamisho (yeye ni muuguzi) tuishi pamoja, ama nizime tanuru nirudi Tabata. Haki yake. Mwaka mzima umepita tangu niache ofisi ya usanifu, nilikokaa mbele ya kompyuta nikichora chupa za soda ambazo sikuwahi kuzigusa. Sasa nazigusa. Nakusanya chupa tupu, naziyeyusha kwa oili chafu ya gereji, napuliza glasi na vyombo vya maua. Jumamosi nafundisha watoto nje, kwenye nyasi kando ya tanuru: majani, udongo, moto, kioo.

Mpango: Jumamosi Dorkas akute uwanja umejaa watoto. Akiona hivyo, atahamia.

Tatizo: Jumamosi iliyopita walikuja wawili, na mmoja alikuwa anatafuta mbuzi.

Leo nimepita nyumba kwa nyumba kuwaalika. Wazazi wamenijibu kwa upole wa ajabu, kama wanaongea na mgonjwa. Mmoja kanishika bega. Sielewi.

Ijumaa, 13 Juni

Nimeelewa.

Asubuhi wanawake wa kanisani wamekuja kumsalimu Dorkas, na ndoo ya makande. Nilikuwa nyuma ya ukuta napanga chupa. Mama Irine, kiongozi wao, akasema pole sana Mama Agape, mzigo wako tunaujua, kila Jumatano tunamwombea mumeo. (Agape ni binti yetu, yuko shule ya bweni; wa mwaka wa mtihani wamebakizwa likizo.) Dorkas akauliza wananiombea nini. Mama Irine akashusha sauti: pombe.

Magunia! Kila wiki Nassoro, fundi gereji wa Same mjini, ananipakilia kwenye gari la sokoni madumu ya oili na magunia ya chupa za bia kutoka baa za barabara kuu. Gari haliwezi kupanda hadi kwangu. Linashusha mbele ya kanisa. Mwaka mzima watu wameona chupa tupu zikija, na mimi nikizipokea kwa furaha, macho mekundu kwa moshi.

Mimi, ambaye sijawahi hata kuonja.

Nikamkimbilia mama yangu. Alikuwa anachambua maharage. Akasema alijua siku nyingi. Kwa nini hakukanusha? Akaniuliza yeye angesema nini. Watu walitaka kujua kwa nini mwanawe ameacha mshahara wa Dar. Aseme ameacha kwa hiari yake, ili apulize chupa? Ulevi, mwanangu, angalau wanauelewa.

Dorkas kacheka mpaka akakaa chini. Kisha kaacha kucheka, akauliza kama ndiyo sababu watoto hawaji.

Jumamosi, 14 Juni

Mtoto mmoja. Yule wa mbuzi. Safari hii alikuja naye.

Nikafundisha kama wako mia. Ukungu ulishuka, Dorkas akajifunga kanga mbili, akakaa kwenye nyasi mpaka mwisho. Nikampulizia glasi ya zawadi, nikawa na haraka ya kuitoa kwenye majivu ya moto kabla haijapoa polepole. Baridi ikaipasua katikati. Akaokota vipande kimya kimya. Afadhali angenigombeza.

Jioni kanipa ushauri: niende kwa Mama Irine nimwambie sijawahi kunywa. Nimemweleza kwamba hivyo ndivyo walevi wote wanavyosema. Nina mpango bora.

Jumapili, 15 Juni

Nimeokoka.

Hoja yangu ilikuwa hii: mtu anayedai hajawahi kunywa haaminiki, lakini mlevi aliyeacha anaaminika mara moja. Kwa hiyo baada ya matangazo nikaomba nafasi, nikatubu pombe yote ambayo sikunywa. Vigelegele. Mama Irine alilia. Mama yangu naye alilia, na yeye ukweli anaujua; nilipomuuliza akasema niliongea vizuri. Dorkas alifunika uso kwa kitabu cha nyimbo, mabega yakimtikisika. Nikadhani na yeye analia.

Kasoro moja: Anderson, jirani yangu seremala. Huyu alikunywa kweli, miaka mingi, akaacha, akatoa ushuhuda kanisani humo humo. Akaitikiwa amina chache. Leo kanivuta pembeni akaniuliza nilikuwa nakunywa nini. Nikasema bia. Bia gani? Nikasema ya njano. Na asubuhi nilikuwa nazimua hangova kwa kitu gani? Nikasema chai ya tangawizi.

Akanitazama sana. Akasema, Elinaza ndugu yangu, wewe hata dengelua ya miwa hujaramba. Mimi niliuza mabati ya baba yangu nikalala mtaroni, sikupigiwa kigelegele hata kimoja. Wewe umepigiwa kwa tangawizi.

Ameahidi kunyamaza. Ameumia, lakini.

Jumamosi, 21 Juni

Wamejaa! Wengine wamekaa juu ya magunia.

Nimewaacha wapulize, mmoja mmoja, kioo kimoja, nikikirudisha motoni kila mara. Dorkas aliinuka bila kuombwa, akawa anafuta mdomo wa bomba la kupulizia kwa spiriti kila mtoto alipomaliza, akiwaambia wasivute pumzi ndani, wapulize kama wanapoza uji. Mwisho wakamtaka yeye. Akapuliza. Chombo kikavimba upande mmoja, kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Akakizika kwenye majivu mwenyewe, akanikataza kukigusa mpaka kesho.

Tukiwa tunafagia nikamwambia, unaona, mpango wangu umefaulu. Akasema hapana. Aliamua Jumamosi iliyopita. Mwanaume anayemfundisha mtoto mmoja na mbuzi kwa moyo vile hawezi kuachwa huku mlimani peke yake.

Ataomba uhamisho. Nikageukia tanuru kidogo. Moshi wa oili ni mbaya sana kwa macho.

Sharti lake: kesho nisimame pale pale niseme ukweli.

Jumapili, 22 Juni

Nimesema. Nimesimama mbele ya watu wote nikatamka kwamba sijawahi kunywa pombe maishani mwangu.

Kanisa likapoa. Mama Irine akaja akanikumbatia. Akasema kuanguka kupo, nisikate tamaa, Jumatano wataanza upya.

Dorkas ilibidi atoke nje. Safari hii najua alikuwa anacheka. Wazazi wameniambia watoto wataendelea kuja, maadamu muuguzi atakuwepo kuniangalia.

Jumatatu, 23 Juni

Dorkas ameondoka asubuhi kufuatilia uhamisho. Chombo chenye shavu amekifunga ndani ya kanga. Begi ameliacha, na nguo zake zote zimo. Nimelitazama mara kadhaa.

Kabla ya kupanda gari alinishika mikono miwili, akaniapisha: hakuna mipango tena. Nimeapa kwa moyo wangu wote.

Mchana mwinjilisti amekuja. Habari zangu zimefika hadi kanisa la Bombo. Wanaomba nikatoe ushuhuda, hasa ile sehemu ya kuanguka. Nikakataa. Akasema watoto wa Bombo ni wengi na likizo hii hawana la kufanya.

Nimefikiri. Sitasema uongo hata mmoja. Nitasimama tu mbele yao, nikiwa na majuto. Kusimama si mpango.

Anderson amekubali kunisindikiza, mradi aanze yeye kuongea na vigelegele viwe vyake. Naye kesho atanifundisha jinsi mikono ya mlevi inavyotetemeka asubuhi. Leo nimejaribu peke yangu mbele ya Mama. Amesema wa kushoto uko vizuri, niongeze kidogo wa kulia.