Ng'ombe wa Cirhuza na Nguvu Dhaifu Kuliko Zote

Cirhuza alimwambia mkwe wake mtarajiwa, uso kwa uso, mbele ya ukoo mzima, kwamba dunia haina nguvu. Wala hakuwa amelewa. Angekuwa amelewa tungemsamehe.

Ilikuwa siku ya kutoa mahari, nyumbani kwa Papa Zagabe, juu kabisa katika mtaa wa Kadutu, kule ambako njia ya miguu inapanda mpaka mgeni anafika amesahau alichotumwa. Siku hiyo bwana harusi ana kazi moja tu: kukaa na kunyamaza. Mdomo wake ni msemaji wa ukoo wake, na yeye akitamka neno kabla mahari haijapokelewa, analipa mbuzi.

Cirhuza alilijua hilo. Tonton Jean-de-Dieu, mdogo wa baba yake, ambaye ndiye alikuwa msemaji, alimkumbusha mara tatu walipokuwa wakipanda.

"Leo weye uko kiti," alimwambia. "Kiti haisemake."

Mambo yalikwenda vizuri. Ng'ombe waliokubaliwa walikuwa wa mjini, wale wasio na kwato, wanaofika wamekunjwa ndani ya bahasha. Kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ikazunguka. Bibi harusi, Joviale, alichungulia mara moja kutoka chumbani, akatabasamu, na Cirhuza akajiona mfalme. Miaka minne alikuwa akimpenda binti huyu, na sasa kilichobaki ni neno moja la muzee.

Ndipo Papa Zagabe akauliza, kwa desturi tu, "Na huyu kijana, anafanyaka kazi gani?"

"Ni mwalimu wa fizike," akajibu tonton. "Anafundishaka ku sekondari."

Mwalimu! Neno lilimchoma Cirhuza rohoni. Yeye, aliyesoma vitabu viwili vizima vya fizikia juu ya chembe ndogo za ulimwengu, na aliyewaambia majirani kwamba wazungu wenye ile mashine ya kugonganisha chembe wanachelewa tu kumwandikia aende kazini kwao!

"Samahani, papa," akasema. "Miye njo fizisyen, mutu wa sayansi yenyewe. Ninajua nguvu ine zenye zinashika ulimwengu wote."

Tonton akafumba macho.

"Mbuzi moja," akasema Maman Rosette, mama yake Joviale, bila hata kugeuza kichwa.

Mwenye akili angeishia hapo. Cirhuza aliona kwamba mbuzi ameshakwenda, basi heri hotuba ilingane na mbuzi.

"Ata hiyo mbuzi, papa, ukiikata, ukate tena, ukate tena..."

"Kukata mbuzi tunajua," akasema Papa Zagabe.

"Mpaka kisu ikose pa kukata. Utakuta vitu vidogo-vidogo. Elektroni ziko inje, katikati kuna protoni na neutroni, na ndani yao kuna kwaki. Sasa zile protoni zinachukiana, kila moja inasukuma mwenzake. Nani anazishika pamoja? Nguvu ya kwanza, yenye kushinda zote. Lakini inatumika karibu-karibu tu, bega kwa bega. Zikiachana kidogo, basi."

Muzee aliitika kwa kichwa. Hilo aliliona kwenye ndoa nyingi.

"Ya pili ni ya umeme na sumaku. Ya tatu inageuza kitu kuwa kingine. Neutroni inaweza kugeuka protoni."

"Sawa vile mwalimu anageuka fizisyen," akasema Maman Rosette.

Watu wakacheka, na Cirhuza akadhani wanafurahia somo. Hapo ndipo alipopotea kabisa.

"Na ya ine?" akauliza Papa Zagabe. Sauti yake ilikuwa imeshuka. Tonton aliisikia ikishuka, Cirhuza hakuisikia.

"Ya ine ni ile inavutaka vitu chini. Ile, papa, ni bure. Njo dhaifu ya mwisho." Akachomoa mfukoni kisumaku alichokitoa kwenye redio mbovu, akakisogeza juu ya kifuniko cha chupa. Kifuniko kikaruka, kikanata. "Muone. Dunia nzima na milima yake inavuta hiki kifuniko chini. Kasumaku kadogo kanaishinda."

Sasa ni lazima ujue kwamba Papa Zagabe alikuwa fundi mwashi. Miaka thelathini na mbili alipandisha mawe, mchanga na simenti mgongoni kwa njia ileile, na hata nyumba waliyokuwa wamekaa ndani yake aliipandisha tofali kwa tofali. Akikaa, magoti yake yanalia. Akisimama, yanalia tena.

Aliyatazama magoti hayo. Akaitazama bahasha. Kisha akaisukuma kwa kidole kimoja mpaka mbele ya tonton.

"Mwana, umenifundisha. Miye nilizania ile nguvu iko na nguvu. Kama iko dhaifu, basi ngombe moja ya bahasha tuibadilishe. Siku ya posho, Jumamosi, mulete ngombe ya kweli, ya miguu ine. Weye mwenyewe uishike kamba, tokea chini ku soko mpaka hapa. Mukifika wote wawili mbele kengele ya saa sita ya muchana iishe kupiga, Joviale iko wako. Mukikosa, tutaongea tena Pasaka ikishapita."

Pasaka ilikuwa imepita wiki mbili tu.

Jumamosi ng'ombe akashushwa kwenye lori kutoka Walungu, mwekundu, mwenye pembe ndefu na uso wa mkubwa wa ofisi. Mvua ya usiku ilikuwa imeing'arisha njia yote. Tonton alileta buti za shamba, lakini Cirhuza akakataa. Alikuwa amevaa viatu vyake vya harusi, vyeusi, vyenye ncha, kwa sababu watu watatazama.

Watu walitazama kweli. Ng'ombe alipanda kama anayekwenda misa, polepole, bila kuteleza hata mara moja. Cirhuza alipanda hatua mbili, akashuka moja. Walipofika nusu ya njia, kamba ilikuwa inamvuta yeye.

"Mwalimu," akauliza muuza nyanya mmoja, "kati yenu, nani anapeleka mwenzake mahari?"

Zilibaki hatua hamsini. Kiatu cha kulia kikaaga, kamba ikaponyoka, na fizisyen akashuka kwa makalio. Akampita muuza nyanya, akampita tonton, akaenda kuishia ndani ya beseni la sombe, majani ya muhogo ya kuuza. Huko juu ng'ombe aliingia uani peke yake, akaanza kula maua ya Maman Rosette.

"Ngombe imefika," akasema Papa Zagabe. "Bwana arusi iko wapi?"

Kengele ya kanisa, ile ndefu ya saa sita, ikaanza kupiga. Cirhuza aliisikia akiwa kwenye sombe, na majivuno yote yakamtoka. Mwaka mzima wa kungoja! Akainuka, akaanguka. Akainuka tena, akaanguka, na machozi yakamlengalenga, na safari hii hakujali nani anatazama.

Joviale alivua viatu, akafunga kitenge magotini, akashuka mbio kama mtu aliyekulia kwenye njia hiyo. Alimshika Cirhuza kiunoni, akambana ubavuni mwake, wakapanda hivyo, bega kwa bega. Waliingia langoni kengele ikipiga mara ya mwisho.

Papa Zagabe alimkagua mkwe wake, kuanzia kiatu kimoja kilichobaki mpaka majani ya sombe kichwani.

"Basi, fizisyen. Ile nguvu ya ine, sasa iko ya ngapi?"

Mahari ilikuwa bado haijapokelewa. Tonton, aliyekuwa akihema langoni, alimwinulia Cirhuza kidole kimoja, kumaanisha ya kwanza, ili aige tu bila kutamka neno.

Cirhuza akavuta pumzi.

"Kwa kweli, papa, kisayansi, ingali..."

Kiganja cha Joviale kikamziba mdomo, kikakaa hapohapo.

Muzee aliwatazama walivyobanana, akacheka mpaka magoti yakalia.

"Hii njo ile ya kwanza," akasema. "Ile ya karibu-karibu." Akaishika kamba ya ng'ombe mkononi mwake, ndiyo kupokea mahari, na wamama wakaanza kupiga vigelegele.

Maman Rosette alikuwa ameinama kwenye maua yake yaliyoliwa. Hakugeuza kichwa.

"Lakini alishasema," akasema. "Mbuzi ya pili."