Kimondo Kwenye Viazi vya Satarkul

Doolot, mjanja wa mji wetu, alipolikuta jiwe jeusi kwenye majivu ya tanuri la bafu la umma, limeyeyuka na kugandamana kama uji wa jana, hakuona takataka. Aliona kondoo mnono wa Satarkul, mwenye nyumba ya wageni.

Sisi watu wa mji wa Naryn ndivyo tulivyo. Mtu akikuletea habari njema mbio, kwanza unampa suyunchu, zawadi ya mletaji. Ukweli utakuja baadaye kwa miguu. Usiku Doolot alilizika jiwe kwenye viazi nyuma ya nyumba ya wageni ya Satarkul, kisha asubuhi akaingia uani juu ya farasi wake, mali pekee aliyowahi kuipata kihalali.

"Suyunchu, kaka Satarkul! Kimondo kimeangukia viazi vyako!"

Wakafukua. Majirani tukajaa, midomo wazi. Elimu ya Doolot ilitoka kwenye mabango ya makumbusho alimoingia siku moja kukwepa mvua. Akapanda juu ya ndoo.

"Kimondo ni kipande cha sayari. Sayari ni nyota iliyochoka. Watu wa Enzi ya Mawe walichonga visu vyao kwa kitu hikihiki!"

Tukapiga makofi. Hatukuelewa kitu, ndiyo maana tuliamini.

"Na hakuna aliyewahi kukiona hiki?" aliuliza Burul, mke wa Satarkul, akifuta masizi kidoleni.

"Hakuna, shemeji! Mimi ndiye wa kwanza. Hakina bei!"

"Basi korumduk yetu iko wapi?"

Kwetu, ukitazama kitu kipya cha watu kwa mara ya kwanza, hata bibi harusi au mtoto mchanga, unatoa korumduk, zawadi ya kutazama. Na zawadi hulingana na thamani ya kitu.

"Ah, shemeji, jiwe tu hilo..."

"Jiwe tu?" Satarkul akainua koleo. "Kumbe ulitudanganya?"

"Hapana, kaka! Kimondo! Kimondo halisi!"

"Kisicho na bei," Burul akasema, akishika hatamu za farasi wa Doolot. "Kwa farasi mmoja tumekupunguzia."

"Na suyunchu yangu?" Doolot akauliza. "Yule kondoo?"

"Kondoo, kwa habari kubwa namna hii? Unataka tuchekwe?" Burul akampakatisha jiwe mikononi. "Chukua nyota yenyewe."

Doolot akashika barabara kuu kwa miguu, mgongo umepinda, mji mzima ukimsindikiza kwa heshima. Angelitupa wapi jiwe aliloapa halina bei, mbele ya macho yote hayo?

"Lishike vizuri, shemeji!" Burul alipaza sauti kutoka langoni. "Limeshaanguka mara moja!"